Lizime, Liwashe: Fundi wa Waya wa Dagoretti Corner

Gari likikufia karibu na Dagoretti Corner miaka ile, hukumwendea Fundi wa Waya ukikimbia. Dereva aliyeruka kutoka garini akipiga kelele, "Niaje, Fundi! Lori imekataa kushika chaji, kuja haraka!" alijibiwa bila hata kutazamwa: "Niaje ndiyo nini? Nije wapi?" Kisha Fundi aliendelea kunywa kahawa yake chungu polepole, kana kwamba barabara nzima ya Ngong ilikuwa sebule yake. Dereva akijirudi, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Fundi," basi ule uso uliokunjamana ulifunguka wote. "Marahaba, mwanangu! Nyumbani hawajambo? Haya, keti hapa kwenye tairi unieleze. Lori lako laumwa nini?"

Mimi nilikuwa nauza miche na samadi kando ya barabara, mkabala na kibanda chake, kwa hiyo sinema hiyo niliitazama bure miaka mingi. Nilimwona akiwafundisha adabu matingo, makarani, hata mchungaji mmoja aliyechelewa ibada. Wengine walikasirika wakaenda zao kutafuta fundi mwingine. Jioni walirudi wakisukuma gari, na salamu walikuwa wamezikumbuka.

Alikuwa mtu wa Pwani. Pwani gani hasa, aliyetaka kujua aliambiwa, "Pwani ya baharini," na mazungumzo yakaishia hapo. Alikuwa mfupi, mnene wa tumbo na mwembamba wa miguu, na shingoni alivaa testa yake: balbu ya taa ya gari iliyofungwa nyaya mbili ndefu. Hakuivua hata wakati wa kula. Aliiita "jicho langu la tatu," na balbu hiyo ilipoungua alinunua nyingine siku hiyo hiyo, huku viatu vyake mwenyewe vikiwa vimepasuka kwa muda mrefu.

Asije mtu akadhani nasimulia habari za mzee mpole na mnyenyekevu. Mpole nani! Fundi alijisifu mpaka ukaona haya kwa niaba yake. "Kutoka hapa mpaka Mombasa," alisema akijipiga kifua, "umeme wa lori waujua watu wawili. Mmoja ni mimi." Ukimuuliza wa pili ni nani, alisema, "Huyo alikufa." Aligombana na betri kama mtu anayegombana na mkwe. Aligombana na redio. Aligombana na Kiswahili chetu, maskini, kila siku iendayo kwa Mungu. Nilisema "gari yangu," akasema "langu." Nilisema "kitu yangu," akasema "changu, changu, mama, kwani kitu hicho kimekukosea nini?" Nilimjibu kwamba miche yangu inamea bila sarufi. Alicheka hadi akakohoa.

Namna yake ya kazi ilikuwa moja, haikubadilika. Hakushika spana kabla ya kusikiliza hadithi ya gari. Mafundi wengine walifungua boneti kwanza. Yeye alifungua maswali. Lilianza lini? Asubuhi au likishapata joto? Taa hufifia au hukata ghafla? Na swali la mwisho, alilouliza akiwa ameinua kidole, lilikuwa hili: "Nani aliligusa mwisho?" Alishikilia kwamba lori halijiharibu lenyewe, lina mtu. Ukichunguza vizuri utakuta kuna mkono uliopita pale, wa mlevi, wa mwenye haraka, au wa mtu mwema aliyetaka kusaidia. "Na huyo wa kusaidia," alisema, "ndiye hatari kuwapita wote."

Siku moja alikuja mwenye nyumba za kupangisha kutoka Kabiria, amekumbatia betri mpya kifuani kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Pikapu yake ilikuwa inalala nzima na kuamka imekufa, na kila ikifa alinunua betri nyingine. Fundi hakuitazama hiyo betri. Aliuliza maswali yake, akainama, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Mkanda ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Altaneta, ile mashine inayotengeneza umeme wakati injini inazunguka, ilikuwa haizungushwi sawasawa, na betri ilikuwa haipati kitu.

"Mzee mwenzangu," Fundi akamuuliza, "maji yakikauka mtungini, wewe hununua mtungi?"

"Ati nini?"

"Nauliza tu. Mitungi yote ile iko wapi sasa?"

Yule bwana alinuna, halafu akacheka, halafu akaagiza chai na mandazi kwa kila aliyekuwepo. Mkanda ulikazwa kabla chai haijapoa. Nilikula mandazi yale kwa furaha isiyo kifani.

Lakini hasira yake ya kweli niliiona siku ya yule dereva wa lori la mchanga aliyeng'oa balbu ya taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi, eti ilikuwa inamsumbua macho. Taa hiyo ina desturi yake: ukifungua ufunguo lazima iwake, na injini ikinguruma lazima izimike. Isipozimika, altaneta haichaji. Na isipowaka kabisa, usishangilie, kwa sababu wewe uko gizani na hujui. "Mtu anakuita, 'nyumba yako yaungua,' nawe wamziba mdomo!" alifoka. Alimrudishia balbu kwa lazima, akakataa kumwachilia mpaka aape kwamba hataing'oa tena. Dereva aliapa, mkono juu, mbele ya soko zima.

Na mtu huyo huyo, jabali wa nyaya, aliogopa umeme wa nyumba! Chumba chake Kawangware kilikuwa na soketi ukutani, na juu ya soketi hiyo alibandika gazeti asiione. Aliwasha taa ya chemni, ile ya mafuta. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwa uzito mkubwa, "Moto wa lori nauona utokako na nauona urudiko. Huo wa nyumba waja kutoka huko kwa watu nisiowajua." Nilimtania siku nyingi kwa maneno hayo. Hakujali.

Siku ya Ijumaa alikuwa mtu mwingine. Alioga, akavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, akajipaka manukato, akaenda mjini kusali. Tangu alipoivaa kanzu hiyo mpaka alipoivua, hakugusa gari. Hata waya mmoja. Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na rafiki yake mkubwa, alimchokoza kila Ijumaa.

"Fundi, na leo lori langu likishika moto?"

"Waite wazima moto. Mimi leo ni mgeni wa Mungu."

"Na Mungu wako hajui mimi natoa mbolea Kikuyu?"

"Ajua. Ndiyo maana alikuumba na miguu."

Lori la Baba ndilo lililowakutanisha. Lilikuwa la bluu, kuukuu, lenye pua ndefu, la wakati ambao mimi sikuwa nimezaliwa. Lilibeba samadi kutoka kwa wafugaji na kupeleka miche na udongo kwenye bustani za matajiri wa Kitisuru. Kila mwaka nyaya zake zililegea mahali papya, na kila mwaka wawili hao walipata sababu ya kukaa pamoja chini ya boneti, mmoja akimulika, mwingine akitukana. Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa nawapelekea chai, jambo ambalo Fundi alilirudia kama mtu anayesoma dua: moto ukienda lazima urudi. Umeme unatoka kwenye betri kupitia waya, unafanya kazi yake, kisha unarudi kwenye betri kupitia chuma chenyewe cha gari. Waya unaofunga betri na injini kwenye chasisi, mafundi huuita arthi. Njia ya kurudia ikizibwa, hakuna kinachofanya kazi hata kama kila kitu ni kipya. "Wajinga huangalia uendako," alisema. "Mimi huangalia urudiko."

Na alipomaliza kazi yoyote, hakupokea hata asante kabla ya ibada yake ya mwisho. "Lizime," alimwambia dereva. Dereva akazima. "Liwashe." Dereva akawasha. Fundi alisimama karibu na mlango, ameinamisha kichwa, akiitazama ile taa nyekundu ikiwaka na kuzimika. "Lizime tena. Liwashe tena." Gari linaloondoka likiwa limewashwa tayari halijathibitisha kitu, alisema, hata maiti ya gari ukiisukuma itateremka mlima. Aliyekuwa na haraka alizidishiwa. Mimi mwenyewe nilizidishiwa mara nyingi.

Baba alipofariki, Fundi alifunga kibanda. Hakuja kulia kwetu kama watu wengine. Alikuja akaomba ufunguo wa lori. Sisi tulikuwa tumeamua kwamba lori hilo ndilo litakalompeleka Baba shambani kwetu juu ya Kikuyu, maana lilikuwa lake na yeye alikuwa wake. Fundi alilitazama, lina kutu na madoa ya samadi, akasema, "Rafiki yangu hapandi hivi." Akamtafuta mchora rangi anayeandika maneno nyuma ya malori, akamsimamia mchana kutwa kama msimamizi wa jela. Lori likafunguliwa boliti baada ya boliti, likasuguliwa, likapakwa bluu mpya, chasisi ikapakwa nyeusi inayong'aa. "Hata pasipoonekana!" nilimsikia akimfokea yule kijana mchoraji. "Paka hata chini ya boliti! Yeye sasa aona kila mahali!" Siku ya maziko lori lilimeremeta kama la bwana arusi. Mama aliliona akalia upya, na hakuwa peke yake.

Baada ya maziko lori likalala uani kwenye miche yangu kwa majuma kadhaa. Tulipotaka kulirudisha kazini, halikutaka. Stata ilinguruma kidogo ikanyamaza, kama mzee anayekataa kuamshwa. Tulilisukuma likawaka, lakini taa zilikuwa hafifu na betri ilizidi kukauka. Ukiwasha indiketa ya kulia, taa zote za nyuma zilikonyeza pamoja, hata zisizohusika.

Hapo ndipo Baba Mdogo aliponiita. Ndugu huyo wa marehemu alikuwa amesema maneno mazuri kaburini, lakini sasa alisema mengine. "Hii lori imezeeka, nyinyi. Mwenyewe ameenda, na yenyewe inataka kwenda. Ikikosa kufanya kazi mvua ya masika ikianza, naleta watu wa chuma kuukuu waikate." Ukweli ni kwamba miche bila lori ni maua ya kutazama tu. Wateja wangu wote wa maana walikuwa Kitisuru, na mwezi wa kupanda ndio mwezi wetu wa kula. Lori likikatwa, biashara yangu imekatwa. Na lilikuwa la Baba! Kiti chake kilikuwa bado na umbo lake.

Fundi alilivamia lori lile kama mtu aliyetukanwa. Alikaza mkanda. Alifungua altaneta, akabadilisha kaboni zake, akaipima. Nzima. Nilishuka Kirinyaga Road kwenye maduka ya spea nikamtafutia regyuleta nyingine, kile kidude kinachopima chaji. Akafunga. Hakuna. Alifuata kila waya wa chaji kwa testa yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akiimba kwanza, kisha akinung'unika, kisha kimya. Kimya cha Fundi kilinitia hofu kuliko maneno ya Baba Mdogo.

"Fundi," nilimwambia, "hata pedali ya mafuta imekuwa nzito. Na kebo yake nikiigusa baada ya kupiga stata inachoma kidole."

"Ni jua."

"Si jua. Iko ndani."

"Binti yangu, niache."

"Na ile arthi?"

Akanigeukia na macho mekundu. "Arthi niliiona ikikazwa kwa macho yangu haya mawili! Arthi usinitajie!"

Sikuitaja tena. Mvua ikaanza. Ikaja simu kutoka kwa mteja wa Kitisuru, mama mmoja mkali mwenye bustani kubwa, kwamba mashimo yake yamechimbwa na anataka miche yote leo, kama siwezi atachukua kwa mwingine. Saa hiyo hiyo Baba Mdogo akatuma habari kwamba alasiri anakuja na watu wa chuma. Nilipakia miche ndani ya lori lisilowaka. Nilipakia tu. Sikujua kingine cha kufanya, na nilikuwa na hasira ya kutosha kulibeba lori lenyewe mgongoni.

Fundi alikuwa ameketi kwenye tairi lake, testa imelala kifuani, kahawa imepoa mkononi. Sikuwahi kumwona ameshindwa. Nikaenda nikaketi kwenye udongo mbele yake, kama wafanyavyo madereva.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Nimeleta lori. Haishiki chaji. Si unasikizanga hadithi kwanza? Niulize basi."

Alinitazama akidhani namdhihaki. "Mama, si leo."

"Basi nitakuuliza mimi. Nani aliligusa mwisho?"

"Baba yako, Mungu amrehemu..." Akasita. "La. Si yeye. Ni yule mchora rangi."

"Na mchora rangi aliambiwa afanye nini?"

Akafungua mdomo ajibu. Niliona jibu likimpanda usoni polepole, kutoka kidevuni hadi kwenye kofia. Kahawa ikamwagika.

"Chini ya boliti!" alinong'ona. Kisha akapiga ukelele uliosikika hadi upande wa pili wa barabara. "Chini ya boliti! Ya Rabi! Mimi! Ni mimi!"

Akatupa kikombe, akavuka barabara, akajitosa chini ya lori tumbo likikwaruza ardhi. "Msasa! Lete msasa! Spana ya kumi na saba! La, ile kubwa!" Akafungua waya wa arthi pale unapofungwa kwenye chasisi. Ulikuwa umekazwa vizuri kabisa, macho yake mawili hayakusema uongo. Lakini ulikuwa umekazwa juu ya ile rangi nyeusi nene, nzuri, inayong'aa, na rangi haipitishi moto. Umeme wa lori zima ulikuwa unatafuta njia ya kurudi nyumbani kwa kupenyapenya kwenye kebo ya mafuta, njia nyembamba iliyotosha siku ya maziko tu betri ikiwa imejaa, ndiyo maana kebo ikaungua. Fundi alisugua kama mwendawazimu. Rangi ikatoka vumbi jeusi, chuma cheupe kikatokea, kikang'aa. Akapaka grisi, akakaza, akakimbilia upande wa injini akafanya vilevile, huku akicheka na machozi yakimtiririka kwenye masizi.

"Panda! Panda, binti yangu! Liwashe!"

Nilipanda kwenye kiti chenye umbo la Baba. Nikafungua ufunguo, taa nyekundu ikawaka. Nikapiga stata. Wee! Lori liliruka kuamka hata miche ikatikisika nyuma, likanguruma kwa sauti ile ile niliyolala na kuamka nayo utotoni, na taa nyekundu ikazimika. Nikapiga honi. Niliipiga bila sababu yoyote, mpaka mahamali wakaacha mizigo wakapiga makofi.

"Lizime," akasema Fundi.

"Fundi, Baba Mdogo anakuja!"

"Na aje. Lizime. Liwashe."

Basi Baba Mdogo na watu wake wa chuma walitukuta hivyo, lori likizimwa na kuwashwa, kuzimwa na kuwashwa, na mzee mmoja mwenye masizi akicheza ngoma barabarani kwenye mvua. Baba Mdogo alisimama na mwavuli wake. Mwishowe akawaambia wale watu, "Rudini tu," akanifungulia geti la uzio wa miche kwa mkono wake mwenyewe. Nilifika Kitisuru mama mkali akiwa bado mlangoni, na miche yote iliingia kwenye mashimo yake.

Ungedhani mtu mwenye majivuno kama yale angeficha kisa hicho. Alikitangaza! Kila dereva aliyekuja alikisikia kabla ya kuulizwa neno. "Mimi ndimi niliyemuua rafiki yangu mara ya pili," alisema akijipiga kifua kile kile cha kujisifia, "na huyu mwuza miche akamfufua." Tangu siku hiyo, ule usemi wake kuhusu watu wawili wanaojua umeme wa lori aliubadilisha. Akiulizwa wa pili, alinyoosha kidole mkabala. Mimi nilijificha nyuma ya mikaratusi yangu, lakini nilipenda. Nilipenda sana!

Mara ya mwisho nilipomwona, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa akiungua vidole na kukosea rangi za nyaya, na wanawe walimtaka arudi Pwani ya baharini. Alikataa teksi. Alisema atapelekwa kwenye basi na lori la rafiki yake, na akachagua Ijumaa baada ya sala. Nilimkuta nje ya msikiti amevaa kanzu yake nyeupe, sanduku la spana miguuni. Nilimsaidia kupanda. Njia nzima alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi.

Tulifika kwenye mabasi, mahali pasiporuhusiwa kusimama. Magari yalipiga honi nyuma yetu, na askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, alikuwa ameshaanza kuja. Fundi akashuka. Badala ya kwenda kwenye basi, akapapasa ubavu wa lori mpaka akafika mbele, akaniambia nifungue boneti.

"Fundi, leo ni Ijumaa. Na kanzu?"

"Fungua, mama."

Akaingiza mkono hadi begani. Kidole chake kilishuka chenyewe, bila macho, kikaifikia ile boliti, kikaizunguka taratibu. Kikatoka cheusi kwa grisi.

"Safi," akasema. Kisha akaja mlangoni kwangu. "Lizime."

Nilizima. Askari alikuwa amefika, akagonga bodi la lori kwa rungu. "Madam, toa gari hapa!"

"Subiri, mwanangu, hujaniamkia," Fundi akamwambia, na yule askari, sijui kwa nini, akasema shikamoo. Fundi akaitikia. Kisha akaniinamia. "Fungua ufunguo. Taa yawaka?"

"Inawaka."

"Liwashe."

Niliwasha. Lori likaamka mara moja. Akaweka uso wake karibu kabisa na dashibodi, karibu na taa ambayo hakuweza tena kuiona, akangoja.

"Imezimika, Fundi," nikamwambia.

"Haya," akasema, akaifuta mikono yake miwili kwenye kanzu nyeupe, akaenda kwenye basi.